Maji yaliyofichwa ndani ya mwamba: mambo ya kuelewa kabla ya kutoboa foraji nyingine



Mwisho wa Januari 2025, vita vilipofika ndani ya mji wa Goma, umeme ulikatika na pampu zinazovuta maji kutoka ziwa Kivu zikasimama. Robine zilikauka, watu wakashuka ziwani na bidoni zao, katika eneo ambako kipindupindu hakikai mbali kamwe. Tangu hapo neno moja linarudi kila mara katika vikao vyetu vya kanisa: foraji. Parokia inataka yake, shule inataka yake, kituo cha afya kinataka yake. Hoja yao ina nguvu. Maji yaliyo chini ya miguu yetu hayategemei waya mrefu unaoweza kukatwa kwa bomu moja.

Wafadhili nao wanapenda foraji. Ina siku ya kuanza na siku ya kumaliza, inapigwa picha, na juu yake huwekwa bamba lenye majina. Sisi hatusemi kwamba ni kazi mbaya. Lakini tunaona kwamba maamuzi mengi yanafanyika bila kuuliza swali la kwanza: katika mahali petu kuna jiwe la namna gani, na maji yanakaa wapi ndani yake? Anayeruka swali hilo anaweza kutumia sadaka ya miaka mitano kwa shimo kavu, au kwa shimo lenye maji yanayoua.

Nchi yenye maji mengi, watu wenye kiu

Mwaka 2011, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa ripoti juu ya maji ya Kongo. Ilisema kwamba nchi yetu ina zaidi ya nusu ya akiba ya maji ya juu ya ardhi katika Afrika yote, na papo hapo robo tatu ya wananchi, watu wapatao milioni 51 wakati ule, hawakuwa na maji safi ya kunywa. Shida yetu basi haikuwa kukosa maji. Ni kukosa kazi inayofanyika kati ya maji na kikombe: kuyatafuta, kuyalinda, kuyagawa, kuyatunza.

Kwa maji ya chini ya ardhi kazi hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu hatuyaoni. Wengi wetu tunafikiri kwamba chini kuna ziwa lingine, au mto unaotembea gizani, na kwamba ukitoboa popote, mradi ushuke vya kutosha, utalifikia. Katika nchi ya mchanga wazo hilo halidanganyi sana. Katika nchi ya mwamba linadanganya kabisa.

Mwamba si tangi

Karibu 40 kwa mia ya ardhi ya Afrika kusini mwa Sahara imekaa juu ya miamba ya zamani sana: graniti, gneisi, shisti na ndugu zao. Sehemu kubwa ya milima yetu ya Lubero na Butembo ni ya namna hiyo. Ukichukua kipande cha graniti nzima na kukitia ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi hakitakuwa kimekunywa kitu. Jiwe lenyewe halibebi maji. Kinachobeba maji ni mambo mawili.

La kwanza ni ile tabaka ya juu ambayo watu wetu huita jiwe lililooza. Mvua na joto la miaka maelfu kwa maelfu vimelila jiwe likageuka udongo na changarawe, pengine kwa mita chache tu, pengine kwa makumi ya mita. Tabaka hiyo ni ghala: inapokea mvua na kuiweka. La pili ni nyufa zilizo chini yake, pale jiwe linapoanza kuwa gumu lakini bado limevunjikavunjika. Nyufa ni njia: zinakusanya maji ya ghala na kuyapeleka kwenye chemchemi au kwenye foraji. Ghala bila njia haitoi maji ya kutosha. Njia bila ghala hutoa maji kwa muda mfupi, kisha zinakauka.

Hapo tunaelewa mambo ambayo mara nyingi hupewa maelezo ya uchawi. Kwa nini foraji ya parokia ina maji, na ile ya shule, hatua 40 tu kutoka pale, ni kavu? Kwa sababu moja imekutana na ufa na nyingine imepita kando yake. Kwa nini kushuka zaidi hakusaidii siku zote? Kwa sababu kadiri unavyoshuka, uzito wa mlima hufunga nyufa. Katika miamba hii ya zamani maji mengi hupatikana ndani ya mita 100 za kwanza, mara nyingi chini ya hapo. Mtoboaji anayeomba pesa ya mita nyingine 50 ndani ya jiwe zima anapaswa kuulizwa maswali.

Ndiyo maana mahali pa kutoboa hapachaguliwi kwa sababu kiwanja ni cha kanisa, au kwa sababu ni karibu na nyumba ya mchungaji. Wataalamu hutazama picha zilizopigwa kutoka angani ili kuona mistari ya bonde inayofuata mivunjiko ya mwamba. Hupitisha umeme mdogo ardhini na kupima jinsi unavyozuiliwa, kwa maana jiwe zima huuzuia sana, na jiwe lililovunjika lenye maji huuachilia. Tena huwasikiliza wazee na wamama wanaojua chemchemi ipi haikauki mwezi wa nane. Kazi hiyo haiondoi hatari ya kukosa, lakini inaipunguza sana, na gharama yake ni ndogo kuliko ya shimo kavu moja.

Goma si Butembo

Kosa lingine ni kunakili mradi wa mahali pengine. Goma imejengwa juu ya lava changa ya Nyiragongo, volkano iliyomwagika mwaka 1977, 2002 na 2021. Lava ikipoa hupasuka, na kati ya mmwagiko mmoja na mwingine hubaki mapango na mawe yaliyolegea. Mvua inayonyesha Goma haifanyi mito. Inazama mara moja na kuelekea ziwani. Kwa hiyo maji mara nyingi yanakaa chini sana, karibu na usawa wa ziwa. Kadiri kartie yako ilivyo juu ya ziwa, ndivyo unavyopaswa kutoboa jiwe gumu kabla ya kuyafikia.

Katika eneo hilo la volkano kuna hatari mbili zaidi. Ya kwanza ni floridi, ambayo inatoka kwa majivu, moshi na mawe ya volkano. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa miligramu 1,5 kwa litri. Maji yanayopita hapo huharibu meno ya watoto, na yakizidi sana huharibu hata mifupa. Meno yenye madoa ya kahawia yanajulikana sana kandokando ya volkano zetu. Kuchemsha hakuondoi floridi, wala klorini haiiondoi. Inajulikana kwa kupima tu.

Ya pili ni mazuku. Nyufa zinazopitisha maji zinapitisha pia gesi, na ile hewa nzito isiyo na rangi wala harufu hukaa katika mashimo na mabonde, hasa magharibi ya Goma kuelekea Sake. Mtu anayeshuka ndani ya kisima cha mkono katika eneo hilo anaweza kufa kabla ya kuita, na ndugu anayeshuka kumsaidia akafa juu yake. Taa inayozimika shimoni ni onyo, lakini isiyozimika si ruhusa. Asiwepo mkristo anayetumwa na kanisa kushuka shimoni bila chombo cha kupima hewa na bila kamba na watu juu.

Ufa hauchuji

Tunafundishwa tangu shuleni kwamba udongo unasafisha maji. Ni kweli kwa mchanga mzuri: maji hupita polepole, vijidudu hukamatwa au hufa njiani. Ndani ya ufa mambo si hivyo. Maji yanaweza kwenda makumi au mamia ya mita kwa siku moja, bila kuchujwa. Kinachoingia juu asubuhi kinaweza kunywewa jioni.

Mji wa Walkerton nchini Kanada ulijifunza hayo kwa machozi. Mwezi wa Mei 2000, mvua kubwa ilishusha bakteria za samadi ya ng'ombe ndani ya kisima kifupi kilichopata maji yake katika mwamba wenye nyufa. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2.000 waliugua, katika mji wa watu karibu 5.000. Hakimu O'Connor, aliyeongoza uchunguzi, hakumlaumu mkulima, kwa kuwa alifuata taratibu za kazi yake. Aliwalaumu wasimamizi wa maji ambao hawakutia klorini ya kutosha na ambao waliandika vipimo vya uongo ndani ya daftari. Tuliangalie neno hilo kama wachungaji: ukweli wa daftari la maji ni jambo la uhai na kifo.

Sisi tuna kumbukumbu nzito zaidi. Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma. Ardhi ya lava ilikuwa ngumu hata vyoo na makaburi havikuweza kuchimbwa. Uchafu ukabaki juu ya mawe, ziwa lililokuwa maji ya kunywa likachafuka, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50.000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Wazee wengi wa makanisa yetu waliyaona kwa macho yao.

Kanuni za Sphere, zinazofuatwa na mashirika ya msaada, zinasema choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwa chanzo cha maji ya chini, na sakafu ya shimo lake iwe mita 1,5 au zaidi juu ya usawa wa maji. Kanuni zile zile zinaongeza kwamba katika mwamba wenye nyufa umbali huo hautoshi. Sasa tutazame viwanja vyetu. Hekalu, shule, choo cha wanafunzi 600, na foraji mpya, vyote ndani ya hekta moja. Tena mara nyingi wachimbaji wa choo hufurahi wakikutana na ufa, kwa sababu shimo haliwezi kujaa. Shimo la choo lisilojaa juu ya lava linatuma vitu vyake kwa jirani.

Hesabu ya bidoni

Foraji nyingi katika miamba ya zamani hutoa maji kidogo: kati ya litri 360 na 3.600 kwa saa. Hiyo inatosha pampu ya mkono, si mji. Sphere inahesabu litri 15 kwa mtu kwa siku, na watu 500 kwa pampu moja inayotoa litri 17 kwa dakika. Tufanye hesabu pamoja. Watu 500 wanahitaji litri 7.500. Pampu inatoa litri 1.020 kwa saa, yaani bidoni 51 za litri 20. Ni zaidi ya saa 7 za kupampu bila kupumzika.

Sasa wakimbizi wa ndani wanafika na kijiji kinakuwa na watu 2.000. Wanahitaji litri 30.000, ambazo ni zaidi ya saa 29 za pampu ile, na siku ina saa 24. Hapo hakuna maombi wala hotuba itakayobadilisha hesabu. Wenye nguvu watachota kwanza, wajane na wageni watarudi mtoni, na ugonjwa utaanzia kwao kisha utafika kwa wote.

Jibu la haraka ni kuweka pampu ya jua yenye nguvu na tangi kubwa. Linaweza kuwa jibu zuri, au linaweza kumaliza ghala. Kila foraji inapaswa kujaribiwa kwa kupampu saa nyingi, huku kina cha maji kikiandikwa, na baada ya kusimamisha pampu, kupima maji yanarudi juu kwa muda gani. Inafaa jaribio hilo lifanyike mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa nane, si mwezi wa kumi na moja wakati mvua imejaza nyufa zote. Foraji iliyopimwa wakati wa mvua tu imepimwa siku ya sikukuu yake.

Kupima ni kuchunga

Katika Andhra Pradesh, kusini mwa India, ardhi kubwa ni mwamba wa zamani kama wetu. Wakulima walitoboa kwa kushindana: jirani akishuka, mwingine alishuka zaidi, na wengi walibaki na deni na shimo kavu. Katika miaka ya 2000, mradi uliosaidiwa na shirika la FAO katika wilaya 7 ulichagua njia ya unyenyekevu. Wakulima wenyewe, wanaume na wanawake, walifundishwa kupima mvua na kina cha maji katika visima. Kila mwaka, kabla ya kupanda mazao ya kiangazi, walikutana kuhesabu maji yaliyobaki na mazao yatakayoyanywa. Hakukuwa na faini. Kila mtu aliamua mwenyewe, lakini aliamua akiwa ameona hesabu ya wote, na wengi walipunguza mpunga wakapanda mazao yasiyotaka maji mengi.

Chombo cha kazi hiyo ni kamba yenye alama na daftari. Parokia zetu zina makatibu wanaoandika ubatizo, ndoa na sadaka kwa uaminifu tangu wakati wa wamisionari. Kuandika kina cha maji mara moja kwa juma si kazi inayozidi uwezo wao. Baada ya miaka mitatu, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko ripoti yoyote ya mgeni aliyepita siku mbili.

Tena tukumbuke matunzo. Mwaka 2009, mtandao wa wataalamu wa maji vijijini (RWSN) ulikusanya hesabu za nchi 20 za Afrika na kukuta kwamba pampu za mkono 36 kwa mia zilikuwa hazifanyi kazi. Nyingine ziliharibika kwa kukosa kipuri cha bei ndogo. Nyingine zilikuwa nzima kabisa, ila maji yalishuka chini ya bomba.

Visima na ugomvi

Maandiko hayatenganishi maji na ugomvi. Katika Kutoka 17, Mungu alitoa maji ndani ya mwamba wa Horebu, na bado mahali pale pakabaki na jina la ugomvi: Meriba. Katika Mwanzo 26, Isaka alichimbua tena visima vya baba yake ambavyo Wafilisti walikuwa wamevifukia. Alipochimba vipya, viwili vya kwanza vililetewa mashindano na uadui, navyo akaviita Eseki na Sitna. Alisonga mbele hadi Rehobothi, mahali pa nafasi kwa wote. Hatusomi kwamba alijenga ukuta kuzunguka kisima. Na mfalme Hezekia, alipoona vita vya Ashuru vinakaribia, alichonga njia ndani ya mwamba ili maji ya chemchemi ya Gihoni yafike ndani ya mji. Alifanya hivyo mapema, kabla ya adui kufika, na alifanya kwa ajili ya mji wote.

Sheria ya nchi yetu inakubaliana na mafundisho haya. Kifungu cha 48 cha Katiba kinahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa, na sheria nambari 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya maji inayaweka katika mali ya umma. Kiwanja kinaweza kuwa cha komunote yetu. Ufa ulio chini yake unapita pia chini ya shamba la jirani, chini ya msikiti, chini ya nyumba ya mtu asiyesali. Tukivuta maji mengi na chemchemi yake ikakauka, hatuwezi kumwambia kwamba sisi tulikuwa na hati ya kiwanja.

Tunachoomba kwa makanisa yetu

Kwa hiyo tunatoa mashauri haya kwa halmashauri za parokia, kwa mashemasi na kwa viongozi wa maendeleo:

1. Tuanze na kile kilichopo. Chemchemi iliyojengewa vizuri, yenye uzio na eneo la juu lililopandwa miti, mara nyingi inahudumia watu wengi kwa gharama ndogo kuliko foraji. Maji ya mvua ya bati la hekalu nayo ni maji, lakini karibu na volkano yapimwe floridi kabla ya kunywewa.

2. Tusilipe foraji kwa mita tu. Mkataba uwe na uchunguzi wa mahali, jaribio la kupampu, kipimo cha maji katika maabara, na saruji ya kufunga sehemu ya juu ya bomba ili maji machafu yasishuke kandokando. Nakala ya karatasi zote ibaki parokiani na ipelekwe kwa huduma ya serikali ya maji ya vijijini.

3. Tuchore ramani ya vyoo kabla ya ramani ya visima. Mahali pa mwamba wazi, tujenge vyoo vilivyoinuliwa, vyenye sakafu isiyovuja, vinavyoweza kuondolewa uchafu.

4. Tutie klorini bila aibu. Maji ya nyufa mara nyingi ni masafi kwa macho. Baada ya kila mvua kubwa tuyahesabu kuwa na mashaka, hata kama jana yalikuwa mazuri.

5. Kamati ya maji iwe ya kartie nzima, si ya washirika wetu tu. Wamama wawe ndani yake pamoja na wageni waliokimbia vita. Mchango uandikwe, usomwe hadharani kila mwezi, na pesa ya vipuri isiguswe hata kwa ajili ya sikukuu ya kanisa.

6. Mahali ambapo wataalamu wanasema hapafai, tukubali. Kurudisha pesa ya mfadhili, au kumwomba aielekeze kwa chemchemi ya kijiji cha jirani, ni ushuhuda mkubwa kuliko bamba lenye majina yetu juu ya shimo kavu.

Tunajua kwamba shauri hili la mwisho ni gumu. Waumini wameahidiwa, picha ya mradi imeshatumwa, na kiongozi anaogopa kuonekana ameshindwa. Lakini watoto wanaokunywa maji hayo hawajui majina yaliyo juu ya bamba. Msimu wa mvua za mwezi wa tisa unapokaribia, kila parokia iwe imejibu angalau maswali matatu: maji yetu yanatoka katika jiwe gani, yako kwa kina gani leo, na juu yake tumeweka nini?

Bwana aliyetoa maji katika mwamba atupe akili ya kuyatunza na moyo wa kuyagawa. Amina.